Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kazi ya Kujitolea Kuzuia Vijana Kujiua

Ikiwa unasoma haya ukiwa wewe mwenyewe na mawazo ya kujiua, usianze na maswali yaliyo hapa chini. Piga simu kwanza. Nchini Kenya nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177, na mtoto anaweza kupiga 116, nambari ambayo inafanya kazi Tanzania pia. Kama hata kuongea kunakushinda, nenda ukakae karibu na mtu unayemwamini, hata ikiwa hutamwambia lolote kwa saa nzima.

Majibu yanayofuata yameandikwa na kundi dogo la watu wa kujitolea katika kaunti ya Kilifi. Tunaulizwa mambo yale yale kila tunapofika shuleni, msikitini, kanisani au kwenye baraza la chifu, na mengi kati ya hayo watu huyauliza mkutano ukishakwisha, pembeni, kwa sauti ya chini.

Mnafanya nini hasa?

Tunafanya mambo matatu. La kwanza ni kupokea simu za vijana, wazazi na walimu kila jioni, kwa sababu simu nyingi huja baada ya isha, wakati watu wa nyumbani wameanza kulala. La pili ni kwenda katika shule na vyuo vya ufundi kuzungumza na wanafunzi darasa moja moja, si gwarideni mbele ya shule nzima. La tatu, ambalo ndilo linalotula muda mwingi na ambalo hakuna mgeni anayeliona, ni kufuatilia: kumpigia tena kijana aliyejaribu kujitoa uhai, au aliyekaribia kujaribu, baada ya hospitali kumruhusu arudi nyumbani na baada ya jamaa kuacha kuja kumjulia hali.

Hilo la tatu hatukulibuni sisi. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti mahali patano, yaani Campinas nchini Brazil, Chennai nchini India, Colombo nchini Sri Lanka, Karaj nchini Iran na Yuncheng nchini China, ukihusisha watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Baadhi yao walipata matibabu ya kawaida peke yake. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja karibu na wakati wa kutoka hospitalini, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa: katika wiki ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 11, halafu katika mwezi wa 4, wa 6, wa 12 na wa 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miongoni mwa waliofuatiliwa, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, na miongoni mwa wale ambao hawakufuatiliwa walikuwa asilimia 2.2. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya wala mashine ya bei ghali. Ratiba ya mara hizo tisa tumeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani juu ya meza ya simu, na kila anayeshika zamu huanza kwa kufungua daftari kuona leo ni zamu ya nani kupigiwa, kabla hata hajasubiri simu ya mtu mpya.

Kwa nini mmejikita kwa vijana?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na katika umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Wazee na watu wazima hatuwafukuzi, ila kundi letu ni dogo na lazima lichague.

Nikimwuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo?

Hapana. Hofu hii tunaikuta kila mahali, kwa wasomi na wasiosoma, na watafiti wameichunguza mara nyingi bila kupata ushahidi kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua. Kijana mwenye wazo hilo alikuwa nalo kabla hujafungua mdomo. Asiyekuwa nalo atakushangaa kidogo, atakwambia hapana, na mtaendelea na mazungumzo mengine.

Ugumu tunao sisi tunaouliza. Siku ya kwanza ya mafunzo yetu, kila mmoja huketi mkabala na mwenzake na kutakiwa kulitamka swali hilo lote. Katika kundi la mwaka jana kulikuwa na mwalimu mstaafu, mama anayejua kuzungumza na mtoto wa rika lolote, na ilimbidi ajaribu mara nne. Mara ya kwanza alisema, "Mwanangu, huna mawazo mabaya, sivyo?" Mkufunzi akamwonyesha kwamba ile "sivyo" ilikuwa imeshamjibia kijana. Mara ya pili alisema, "Usije ukafanya jambo la kipumbavu," na hapo alikuwa anaonya, hakuuliza kitu. Mara ya tatu aliyaacha maneno katikati, akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mara ya nne alishika magoti yake kwa mikono miwili akauliza, "Unafikiria kujiua?" Kijana aliyekuwa akiigiza kama mpigaji simu alitwambia baadaye kwamba alijikuta akishusha pumzi, ingawa alijua fika kuwa ni zoezi.

Tunashikilia maneno hayo yatamkwe kwa sababu kijana husikiliza sana namna tunavyolikwepa neno. Tukilizunguka, anajifunza kwamba hata mtu mzima aliyekuja kumsaidia hawezi kulibeba, na hapo atakujibu lile jibu la kila siku: niko sawa.

Nitamtambuaje kijana aliye hatarini?

Kiswahili chetu kinasaidia katika jambo hili, na wakati huohuo kinaficha. Tukisema fulani "ana mawazo", kila mtu anaelewa kwamba hatusemi habari ya akili nyingi. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na daktari wa akili Dixon Chibanda aliishika lugha hiyo ya watu alipoanzisha mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, mpango wa mabibi wazee waliofunzwa kusikiliza, wakiketi na mwenye shida kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Jaribio la kisayansi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na wahudumu hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nasi tumeona kwamba ukimwambia kijana wa huku kuwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, atakutazama tu. Ukimwuliza kama mawazo humzidi usiku au mchana, atakujibu, na pengine ataongeza ni tangu lini.

Dalili zenyewe si ngeni kwa mzazi anayetazama. Kijana anasema "nimechoka" na hakuna kazi aliyofanya. Anasema "bora nisingezaliwa", "mtapumzika na mimi", "mtanikumbuka", kwa mzaha au nusu mzaha. Anaacha mpira au kwaya aliyoipenda, halali au analala mchana kutwa, hali, anajifungia, anaanza kunywa au kuvuta kuliko zamani. Anagawa vitu vyake vya thamani, simu kwa mdogo wake, viatu kwa rafiki, bila sababu inayoeleweka. Wakati mwingine aliyekuwa na dhiki kwa wiki nyingi anatulia ghafla, na nyumba nzima inashukuru, kumbe utulivu huo wenyewe ulihitaji kuulizwa. Hata hivyo hizi si alama za mtihani za kujumlisha ili upate jumla ya hatari. Ukiwa na shaka, uliza.

Akinijibu "ndiyo", nifanye nini papo hapo?

Kaa. Usikimbilie kumpigia mjomba mbele yake wala kuanza kulia, ingawa kulia kunaeleweka. Mshukuru kwa kukwambia. Mwulize kama amepanga atafanya nini na lini, na kama kitu anachokifikiria kiko karibu. Kama kipo, kiondolewe nyumbani leo, si kesho. Usimwache peke yake hadi mtu mwingine mzima afike. Akiwa na mpango ulio tayari, au ikiwa ameshajidhuru, mpeleke hospitali iliyo karibu, kwenye kitengo cha dharura, na umweleze mhudumu ukweli wote.

Kuna sentensi moja tunawaomba wazazi waiache kabisa, nayo ni ile ya "wenzako wana shida kuliko wewe." Huitoa kwa nia njema, na sisi wenyewe tumekua tukiisikia, lakini kijana aliyeitamka dhiki yake kwa mara ya kwanza huisikia kama hukumu kwamba hata kuumia hakujua.

Baada ya saa ya kwanza kupita, tunamsaidia kijana aandike mpango mfupi wa usalama kwa mkono wake mwenyewe: ni nini humjia kabla mawazo hayajamzidi, ni nini humtuliza, nani wa kumpigia, na wapi pa kwenda. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye tumebadilisha mambo machache kumhusu ili asitambulike, aliuandika wake nyuma ya risiti ya petroli: "Zima pikipiki. Mpigie shangazi. Asiposhika, nenda kijiwe cha samaki kuna watu. 1199." Risiti ilipofifia aliunakili upya kwenye kasha la simu.

Huwa ni mambo ya mapenzi tu, sivyo?

Magazeti yetu hupenda iwe hivyo. Kichwa cha habari hutaja njia, kisha hutaja mpenzi, na msomaji anafunga ukurasa akiamini ameelewa. Kwa uzoefu wetu, kuachwa huwa ni jambo la mwisho kumpata kijana ambaye tayari alikuwa amebeba mengine: ugonjwa wa akili ambao haukutibiwa, kipigo nyumbani, kunajisiwa ambako hakumwambia mtu, ujauzito, dawa za kulevya, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yaliyosomwa kwa sauti mbele ya ukoo. Siku hizi tunasikia sana habari ya kubeti na mikopo ya simu. Kijana anakopa ili arudishe alichopoteza, programu ya mkopo inaanza kuwapigia watu waliomo katika simu yake, na kufikia Ijumaa mchungaji, mwajiri na mama mkwe mtarajiwa wote wanajua deni lake. Kwa aibu ya namna hiyo, mazungumzo ya kwanza yenye maana huwa ni ya hesabu: anadaiwa kiasi gani, na nani, na nani anaweza kukaa naye wapange malipo.

Kwa hiyo tunapoulizwa sababu ya kifo fulani, hatujibu. Hatuijui, na kuitaja sababu moja huwapa vijana wengine walio katika hali kama ile picha kwamba hiyo ndiyo njia inayotoka hapo.

Kujiua si dhambi? Kwa nini msiwaambie hivyo vijana?

Wanajua. Hatujawahi kukutana na kijana wa Kiislamu au wa Kikristo aliyehitaji kuelezwa na sisi msimamo wa dini yake, na wengi hutwambia kuwa hofu ya dhambi ni miongoni mwa mambo yaliyowashika wasiende mbali zaidi. Hatuidharau. Tatizo linakuja pale ambapo dini inatumika kumnyamazisha, akaogopa kusema kwamba analo wazo.

Imamu mmoja anayefuatana nasi hupenda kuwakumbusha wazazi kwamba aya ya 29 ya Sura An-Nisaa, ile inayokataza watu kujiua, inamalizia kwa kuitaja rehema ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, na kwamba anayeisoma nusu ya kwanza akaiacha ya pili hajaisoma. Upande wa makanisa, tunakisoma kisa cha nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya aliketi chini ya mti akaomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena, na mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, baada ya safari ndefu. Ukitazama utaratibu huo, chakula, usingizi, kurudi mara ya pili, hauko mbali na ratiba yetu ya ukutani.

Tukimpeleka hospitali, hatakamatwa na polisi?

Swali hili lilikuwa na jibu gumu kwa miaka mingi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichorithiwa kutoka kwa wakoloni, kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika hadi kifungo cha miaka miwili. Uingereza yenyewe ilishaifuta sheria kama hiyo mwaka 1961. Tarehe 9 Januari 2025, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Kabla ya hapo, tulikuwa tukiziona familia zikifika hospitalini na maneno yaliyopangwa njiani: ameteleza, amekula kitu kibaya, hatujui. Daktari alitibu mwili kulingana na alichoambiwa, mgonjwa akarudi nyumbani, na dhiki iliyomfikisha pale haikuulizwa na mtu. Desturi ya kuficha haikuisha siku ya hukumu, na tungali tunatembea na nakala ya habari ya uamuzi huo mkobani ili kuwaonyesha wazazi, na mara moja tulimwonyesha askari. Wasomaji wetu wa Tanzania na Uganda wafahamu kwamba vifungu vya aina hiyo bado vimo katika sheria za nchi zao. Hata hivyo, uhai ukiwa hatarini, hospitali ndiyo pa kwanza kwenda.

Mbona mnahubiri habari za makabati na kufuli?

Kwa sababu saa ile ya hatari kubwa mara nyingi ni fupi, na kilicho mbali na mkono humpa mtu muda ipite. Sri Lanka ilipopiga marufuku hatua kwa hatua dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 kutoka kilipokuwa katikati ya miaka ya 1990, bila kilimo chao kuanguka. Katika nyumba zetu hatuna uwezo wa kupiga marufuku, ila tunaweza kununua kufuli na kuzifungia dawa hizo kabatini. Mama mmoja mwenye duka la pembejeo alianza kukaa na wateja vijana wanaokuja peke yao, akiwauliza shamba liko wapi na wamepanda nini. Anasema wengi hujibu vizuri na kuondoka na bidhaa zao. Wachache walijikuta wameketi naye kwenye gunia la mbolea wakiongea mambo mengine kabisa, na mmoja alimleta kwetu.

Je, kuwafundisha walimu dalili hakutoshi?

Tulidhani kunatosha, na miaka yetu miwili ya kwanza tulifanya hivyo peke yake. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kumi za Ulaya, wenye wanafunzi zaidi ya 11,000 na kuchapishwa mwaka 2015, ulitutoa katika dhana hiyo. Ulilinganisha njia tatu, ikiwemo ya kuwafunza walimu kutambua walio hatarini. Njia iliyopunguza majaribio ya kujiua kwa karibu nusu baada ya mwaka mmoja ni ile iliyowafundisha wanafunzi wenyewe, kwa mazungumzo na kuigiza hali za maisha yao. Mafunzo ya walimu peke yake hayakuonyesha tofauti ya kuaminika. Darasa la Kilifi si darasa la Ulaya, tunajua, hasa pale wanafunzi wanapokuwa themanini. Lakini kijana mwenye dhiki humwambia kijana mwenzake kwanza, bwenini, taa zikishazimwa, na huyo mwenzake ndiye anayehitaji kujua la kufanya na siri hiyo kabla ya mwalimu yeyote.

Walimu hatujawaacha. Tunawaomba jambo dogo: kuwe na mtu mmoja shuleni, anayejulikana kwa jina na kwa mlango wake, ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea bila kuandika jina kwenye daftari la utovu wa nidhamu.

Kazi ya namna hii ilianzia wapi?

Mizizi yake mmojawapo uko London. Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kianglikana, Chad Varah, aliongoza mazishi ya msichana wa miaka 14 aliyejiua baada ya kuanza hedhi, akidhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mwaka 1953 Varah alifungua laini ya simu katika kanisa la St Stephen Walbrook. Alikusudia ashauri yeye mwenyewe, na watu wa kujitolea wawape wageni chai wakisubiri zamu. Haikuchukua muda akagundua kwamba wengi walioketi na wale wenye chai waliondoka wakiwa wametua mzigo bila hata kumwona yeye, akawakabidhi kazi. Ndipo likakua shirika la Samaritans, na kutoka hapo mtandao wa Befrienders wenye matawi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Mtamwambia mzazi wangu?

Unayotwambia yanabaki kwetu, isipokuwa tukiamini uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini sasa hivi, au kama wewe ni mtoto na unadhulumiwa. Hapo tutamwambia mtu anayeweza kusaidia, na tutakwambia wewe kwanza kwamba tunamwambia, na tutakuuliza unapenda awe nani. Si lazima awe baba. Tumewahi kumwita nyanya, mwalimu wa madrasa, na dereva wa matatu ambaye alikuwa binamu.

Nani anaweza kujitolea, na anahitaji nini?

Awe na umri wa miaka 21 au zaidi, aweze kunyamaza, na akubali kufanya zamu mbili kwa mwezi kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Shahada haihitajiki. Aliyefiwa kwa njia hii tunampokea kwa mikono miwili, ila tunamwomba asubiri miaka miwili, kwa sababu tumemwona mwenzetu aliyekuja mapema akisikia sauti ya marehemu kaka yake katika kila simu. Mafunzo huchukua Jumamosi nane. Kila zamu huisha kwa mazungumzo na msimamizi, hata usiku ambao simu haikulia, na hili hatuna msamaha nalo.

Sehemu inayowashinda wengi ni simu za kimya. Mtu anapiga, hasemi. Unasikia mbuzi, jenereta, pengine adhana ya mbali. Unamwambia upo, kisha unakaa. Simu ndefu zaidi ya aina hiyo katika daftari letu ilichukua dakika 41, na neno pekee lililosemwa upande wa pili lilikuwa "kesho". Alipiga kesho yake.

Mchango wangu unatumika vipi?

Unalipa salio la simu, nauli za kufuatilia wasio na simu, kodi ya chumba kimoja, na malipo ya mshauri nasaha aliyehitimu ambaye hutusimamia mara moja kwa wiki. Wanaojitolea hawalipwi. Tumesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na mwanachama yeyote au mchangiaji anaweza kukagua vitabu vyetu. Hatupokei pesa mkononi.

Kuna mchango mmoja mkubwa tuliukataa. Mfadhili alitaka kijana mmoja tuliyemsaidia aonekane uso kwenye video akisimulia alivyojaribu, kila hatua. Kijana mwenyewe alikubali, kwa shukrani, na kukubali kwake ndiko kulikotutia wasiwasi. Anayeona anadaiwa wema hawezi kukataa kwa uhuru. Isitoshe, kusimulia njia kwa undani kunaweza kuwadhuru wanaotazama, ilhali kusimulia namna mtu alivyovuka dhiki yake kunaweza kuwasaidia. Tulikosa kodi ya miezi mitano.

Familia iliyofiwa mnaifanyia nini?

Tunakwenda. Katika vijiji vingine wafu wa aina hii huzikwa haraka, watu wachache, jina halitajwi, na mama anabaki bila hata wa kumpa pole kwa sauti. Tunaketi matangani kama majirani wengine, tunamtaja marehemu kwa jina lake, na tunawaangalia kwa makini ndugu zake na wanafunzi wa darasa lake, ambao hatari yao huongezeka katika wiki na miezi inayofuata. Shuleni tunashauri pasiwepo na hotuba ya kumsifu wala ya kumlaani, na kiti chake kisigeuzwe kaburi.

Mnaacha lini kumpigia kijana?

Ratiba inasema mwezi wa 18. Kabla ya hapo akitaka tuache, tunaacha, na nambari anabaki nayo. Simu zenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani: unalala vipi, unakula, yale mawazo yamerudi, ule mpango wako uko wapi. Dakika sita, saba. Wengine hufikia simu ya tano wakiwa na haraka, wako kazini, wanasema "niko poa, nitakupigia mimi," na tunaandika hivyo daftarini tukifurahi.

Msichana mmoja alimaliza simu zake zote tisa mwezi wa Oktoba. Kabla ya kukata, aliuliza kama inawezekana apigiwe mara moja nje ya ratiba, siku matokeo yatakapotangazwa, saa yoyote ya jioni, na akaomba apige yule yule dada mwenye mafua. Tumeiandika kwenye karatasi ya manila, chini kabisa, kwa kalamu ya bluu.